MMF Yako Inalipa Kidogo Sai? Cheki Venye Dunia Inagusa Doh Yako Ukiwa Thika ama Ruiru

Kama 2024 ulikuwa umeweka doh kwa MMF, unakumbuka ile raha. Unaamka asubuhi, unafungua apu, unapata riba imeingia ukiwa umelala. Msee wa Ruiru mwenye ngiri 50 alikuwa anaingiza karibu bob 20 kila siku. Hiyo ni yai boilo ya bure kila asubuhi, na ngiri 50 yenyewe haijaguswa.

Kufikia mwisho wa 2025, hiyo yai ilikuwa imekatwa katikati. Doh ni ile ile, kampuni ni ile ile, lakini riba imebaki karibu nusu. Na hapo ndipo simu ikaanza kujaa. Kuna jamaa wa Telegram anatuma skrinshoti za faida ya forex. Kuna binamu anasema ploti za kule ndani ya Juja zinaisha. Kuna mbogi ya kripto, na wale wa hisa za AI za Marekani. Kuna "sacco" mpya inaahidi asilimia 3 kwa mwezi, na ukiuliza maswali mengi unaambiwa wewe ni mwoga, ndio maana hutaomoka.

Wacha tuongee ukweli. Wengi hawapotezi pesa wakati mambo ni mabaya. Wanapoteza wakati mahali salama pameanza kulipa kidogo, wakachoka kungoja, wakahamia mahali hawapaelewi. Kama umechoshwa na nusu yai, uko hapo sai. Kwa hivyo kabla utoe hiyo doh, jua nani alishusha riba, kule unakimbilia kuna nini, na utaulizaje maswali kabla ya kuweka PIN.

Riba yako ilishuka Washington kabla ifike Thika

MMF si uchawi. Kampuni inachanganya pesa yako na ya wasee wengine, inaikopesha serikali kupitia hati za Hazina na bondi, na ingine inaweka kwa benki. Kile serikali na benki zinalipa ndicho unapata, baada ya kampuni kutoa ada yake na KRA kuchukua asilimia 15 ya riba. So swali la maana ni hili: mbona serikali ilikuwa inalipa hivyo 2024?

Anzia Marekani. Mwaka 2021 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sufuri. Bei za vitu zilipopanda baada ya Covid, wakaanza kuipandisha Machi 2022, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Sasa fikiria wewe ni bazu wa London una madola. Mbona uhangaike na Nairobi na Marekani inakulipa zaidi ya asilimia 5 ukiwa umekaa tu? Pesa za wageni zikaanza kurudi kwao. Kila mtu akitafuta dola, shilingi ikalemewa. Mwanzo wa 2022 dola moja ilikuwa karibu bob 113. Januari 2024 ilikuwa imegonga karibu 160.

Juu ya hiyo, Kenya ilikuwa na Eurobond ya dola bilioni 2, iliyokopwa 2014, ya kulipwa Juni 2024. Watu wakaanza kuuliza kama tutaweza kulipa. Mkopaji akionekana amesota, anayemkopesha anadai riba ya juu, na serikali si tofauti na yule msee wa mtaa anayekopa kila mahali. Februari 2024 CBK ikapandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Mwezi huo huo serikali ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya karibu asilimia 10, ndio inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hapa nyumbani ikatoa bondi ya miundombinu ya asilimia 18.46, bila kodi.

Hofu ikatulia. Shilingi ikarudi hadi karibu 130 kwa dola. CBK ikaanza kushusha riba Agosti 2024, Marekani ikaanza kushusha yake Septemba, na kufikia Desemba 2025 riba ya CBK ilikuwa imefika asilimia 9. Hati za Hazina za siku 91, ambazo 2024 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16, zikashuka hadi karibu 8. MMF yako ikafuata nyuma kama trela.

Ukielewa hapo umeelewa nusu ya hii stori. Ile asilimia 16 ilikuwa malipo ya hofu. Ulikuwa unalipwa vizuri ju nchi ilikuwa imebanwa. Kushuka kwa riba hakumaanishi kampuni yako imekuhepa, na hakumaanishi kuna mahali pengine ile 16 imejificha ikikungoja.

Fanya hii hesabu kabla uhame

Kuna namba moja watu husahau: bei ya vitu inapanda kwa kasi gani. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa asilimia 9.6. Wakati huo hati za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 9. Yaani ukiweka bob 100, mwaka ukiisha una karibu 109 kabla ya kodi, lakini shopping ya bob 100 sasa inataka karibu 110. Ulikuwa unarudi nyuma ukifurahia riba.

Songa hadi nusu ya pili ya 2025. Bei zilikuwa zinapanda kwa kati ya asilimia 4 na 5. Riba ya asilimia 8, ukitoa kodi, inabaki 6.8. Bado uko mbele kidogo. Hiyo "riba mbaya" ya 2025 ilikuwa inakutendea poa kuliko ile ya 2022.

Sasa cheki Oktoba 2024: mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7 na riba bado ilikuwa juu. Huo ulikuwa msimu wa mavuno, na misimu kama hiyo haikai. Ukiifanya kuwa kipimo chako, kila kitu halali kitaonekana takataka, na kila tapeli ataonekana mkombozi.

Na serikali yenyewe, iko salama?

Kukopesha serikali yako kwa shilingi ndio kitu karibu na usalama utapata hapa, lakini hakuna kitu cha hatari sufuri. Juni 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Mswada wa Fedha ulitupwa. Julai, Moody's wakashusha alama ya Kenya hadi Caa1, wakisema sasa itakuwa ngumu kwa serikali kupunguza mzigo wa deni. Agosti 2025 S&P wakapandisha yao hadi B. Hizo alama ni kama CRB ya nchi: zikishuka, kukopa kunakuwa ghali.

Ukitaka kujua mambo yakiharibika inakuwaje, angalia Ghana. Desemba 2022 serikali yao iliwaambia waliokuwa na bondi zake za ndani wazibadilishe na mpya, zenye riba ya chini na muda mrefu zaidi. Mtu alikuwa amekopesha nchi yake kwa pesa ya nchi yake, na bado mkataba ukabadilishwa katikati ya safari. Kenya haijafika huko. Lakini ndio maana hata kwa serikali huweki kila kitu kwa bondi ya miaka 15 kama unajua mwaka ujao utahitaji karo.

Kitu kingine wengi hawajui: pesa ya benki inalindwa na KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja kwa kila benki. MMF haiko kwa hiyo kinga. Kinacholinda MMF ni sheria za CMA na ukweli kwamba pesa inashikwa na benki tofauti, si meneja mwenyewe.

AI imewika, lakini wewe unanunua vitu viwili

Haya, tuseme umeamua kuhama. Kitu cha kwanza utasikia ni AI. Na enyewe, kuna sababu. Nvidia, wale wanatengeneza chipu zinazoendesha akili unde, Julai 2025 ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kufikisha thamani ya dola trilioni 4. Apu za kununua hisa za Marekani kutoka kwa simu ziko, na unaweza kuanza na pesa kidogo.

Sasa kumbuka 27 Januari 2025. Kampuni ya China inayoitwa DeepSeek ilikuwa imetoa programu ya AI iliyodai kufanya kazi kali kwa gharama ya chini. Soko likauliza: kumbe hizi chipu zote hazihitajiki? Siku hiyo moja Nvidia ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani. Baadaye ikapanda tena hadi kupita hapo. Aliyekuwa anaweza kungoja alikuwa sawa. Aliyekuwa ameweka rent ya keja aliuza kwa hasara.

Aprili 2025 ikawa tena. Trump akatangaza ushuru kwa karibu dunia nzima, Kenya ikipewa asilimia 10. Kwa siku mbili hisa kubwa za Marekani zikashuka zaidi ya asilimia 10. Wiki iliyofuata akasimamisha sehemu kubwa ya huo ushuru na soko likaruka zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja. Uliyeuza kwa hofu ulikula hasara, kisha ukakosa mruko.

Lakini hatari kubwa kwako iko mahali huangalii. Ukinunua hisa ya Marekani unanunua vitu viwili: hisa, na dola. Tuseme Januari 2024 ulichukua ngiri 16, ukabadilisha kwa 160, ukapata dola 100. Hisa yako ikakaa pale pale, haikupanda wala haikushuka. Baada ya miezi michache dola ni 130. Ukirudisha nyumbani unapata ngiri 13. Ngiri 3 zimeyeyuka na hakuna kampuni ilifanya makosa.

Inaweza kwenda upande ule mwingine pia, shilingi ikianguka unafaidi. Ndio maana watu wengine huweka sehemu ya akiba kwa dola ama dhahabu, ambayo Oktoba 2025 ilipita dola 4,000 kwa aunsi ju dunia nzima ilikuwa na wasiwasi. Ni sawa. Lakini jua kwamba hapo unabeti kwa shilingi yenyewe, na rent yako, nauli yako na unga wako unalipa kwa shilingi.

Kripto na forex: nani ameshika hiyo doh?

Bitcoin Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Desemba 2024 ikapita 100,000. Ukitazama mwanzo na mwisho unasema "noma!" Ukitazama katikati, unaona mtu wa Kihunguro amenunua juu kabisa na mwaka mmoja baadaye anatazama robo ya pesa yake.

Bei ni hatari moja. Ya pili ni nani ameshika. Novemba 2022 soko la kripto linaloitwa FTX, moja ya makubwa zaidi duniani, lilifilisika ndani ya siku chache. Wateja walikuwa wanaona salio lao kwa skrini lakini hawawezi kutoa. Sarafu zao zilikuwa zimetumika kwingine. Salio la kwa skrini si pesa hadi siku utakayoitoa.

Hapa Kenya tumeona yetu. Agosti 2023 watu walipanga laini KICC waskaniwe macho na Worldcoin, wapewe sarafu za karibu ngiri 7, kabla serikali isimamishe zoezi. Oktoba 2025 ndipo rais aliweka sahihi sheria ya kwanza ya kusimamia wanaotoa huduma za mali za kidijitali, CBK na CMA zikipewa kazi ya leseni. Ni hatua poa. Lakini sheria inasimamia wenye duka, haizuii bei kuanguka.

Forex ni stori ingine. CMA inatoa leseni kwa madalali wa forex wa mtandaoni na inachapisha majina yao. Kama yule wa Telegram anataka utume M-Pesa kwa namba yake ya kibinafsi "akutredie", hiyo si forex. Hiyo ni wewe kumpa mtu pesa.

Hisa za hapa nyumbani na meli za Bahari Nyekundu

Wengine watakuambia rudi NSE. Kuingia kumekuwa rahisi, na tangu 2025 unaweza kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100. Lakini soko letu nalo linacheza ngoma ya dunia.

Chukua Safaricom. 2008 iliuzwa kwa umma kwa bob 5. 2021 ilipita 40. 2023 ilikuwa imeanguka chini ya 15. Je, watu waliacha kutumia M-Pesa? Hapana. Wageni walikuwa wanauza warudishe dola kwao, ile stori ya Marekani tumeisoma hapo juu, na kampuni yenyewe ilikuwa inamwaga pesa nyingi kuanzisha biashara Ethiopia. Kampuni ya nguvu inaweza kukaa chini miaka kadhaa. Swali ni kama wewe unaweza kungoja hiyo miaka.

Sasa sogea nyumbani zaidi. Ukitoka Thika ukielekea Makuyu unakutana na mashamba ya Kakuzi, kampuni iliyoorodheshwa NSE na pia London. Wanauza parachichi na makadamia nje. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari Nyekundu, kampuni kubwa za meli zikaacha njia ya Suez, zikazunguka kusini mwa Afrika. Safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka wiki mbili hivi. Parachichi haijui vita. Inaiva. Aliyenunua hisa ya Kakuzi akifikiri ananunua shamba la Murang'a, alikuwa pia amenunua hatari ya bahari ambayo hajawahi kuiona.

Na hii haiguzi wenye hisa peke yao. Thika ni mji wa viwanda. Del Monte wanapakia nanasi za kwenda ng'ambo. Bidco wanatengeneza mafuta ya kupika, na mawese mengi yanayotumika Kenya hutoka Malaysia na Indonesia. Aprili 2022 Indonesia ilipopiga marufuku kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa, soko lilitetemeka na mama wa chapo mtaani alijua kabla ya wachumi kuandika. Ruiru ina viwanda vya chuma, na Tatu City na eneo lake maalum la kiuchumi ambalo kampuni za kigeni huja kulingana na hali ya dunia.

Kwa hivyo jiulize kitu kimoja ambacho wasee wachache hujiuliza. Kama wera yako iko kiwanda kinachouza nje, na ploti yako iko Thika, na ndoto yako ni kujenga vyumba vya kukodisha wafanyakazi wa hicho hicho kiwanda, basi umeweka mshahara, akiba na wapangaji kwa meli moja. Siku ushuru ukipanda ama njia ikifungwa, vyote vitatu vinatikisika pamoja. Kuwa na vitu vitatu si kugawa hatari kama vyote vinakunywa maji kwa mto mmoja.

Ploti haipotei, lakini pia haitoki

Tangu Thika Superhighway ikamilike 2012, kila mtu kwa hii barabara ana stori ya mtu aliyenunua Ruiru mapema akaomoka. Ni kweli, wapo. Na ardhi haifilisiki kama FTX. Lakini ina ugonjwa wake: siku unataka pesa haraka, ardhi haikujui. Kumpata mnunuzi, kufanya upekuzi wa taito, wakili, uhamisho, hiyo ni miezi. Ukiharakisha, unauza kwa bei ya hasara.

Huu ugonjwa ndio ulioua ndoto za watu kwa Cytonn, na hii ndiyo sehemu nataka usome pole pole. Mwaka 2019 hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zinalipa chini ya asilimia 8. Unakumbuka hiyo namba? Ni karibu na ya 2025. Watu walikuwa wamechoka, kama wewe sai. Cytonn High Yield Solutions ilikuwa inatoa hadi asilimia 18 kwa mwaka. Pesa ilienda kwa ujenzi. Nyumba hujengwa kwa miaka, lakini wawekezaji walikuwa wameahidiwa pesa yao ndani ya miezi. Covid ikaingia 2020, mauzo yakalala, watu wakataka pesa zao kwa pamoja. Majengo hayawezi kutumwa kwa M-Pesa. Oktoba 2021 ikaingia mikononi mwa msimamizi, ikiwa na wawekezaji karibu 4,000 na zaidi ya shilingi bilioni 11. Miaka ikapita kortini.

Kumbuka pia hii: hiyo bidhaa haikuwa chini ya usimamizi wa CMA kama MMF zilivyo. Jina la kampuni lilikuwa kubwa, ofisi safi, watu wamevaa suti. Lakini jina la kampuni na leseni ya bidhaa ni vitu viwili tofauti. Thika nayo inakumbuka Ekeza Sacco, ambapo kuanzia 2018 wanachama walizunguka wakidai akiba zao, wengi wao watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta ploti.

Riba ya serikali ikishuka, tofauti kati ya 8 na 18 inaonekana kama zawadi. Hiyo tofauti ya 10 ni bei. Unalipwa ubebe kitu fulani. Kazi yako ni kujua ni kitu gani kabla ukibebe.

Maswali 3 kabla ya kuweka PIN

Swali la kwanza: nani analipa hii riba, na yeye anaitoa wapi? Serikali hutoa kwa kodi. Benki hutoa kwa mikopo. Kampuni hutoa kwa mauzo. Kama jibu ni "mfumo wetu wa siri" ama "ukileta watu wengine wawili", funga simu. Jibu likieleweka, hakikisha leseni: CMA kwa mifuko ya uwekezaji, madalali wa hisa na forex, SASRA kwa sacco zinazopokea amana, CBK kwa benki na wakopeshaji wa kidijitali. Tafuta jina la bidhaa yenyewe kwa orodha zao. Usitumie linki uliyotumiwa na muuzaji.

Swali la pili: nikitaka pesa yangu Ijumaa, nitaipata Ijumaa? MMF hukupa ndani ya siku chache. Hisa unauza soko likiwa wazi, kwa bei ya siku hiyo. Bondi unaweza kuuza kabla muda uishe lakini bei inaweza kuwa chini. Ploti ni miezi. Linganisha hilo jibu na tarehe unayohitaji doh. Karo ya Januari haiwezi kukaa kwa Bitcoin mwezi wa Novemba.

Swali la tatu: hii kitu inategemea nini, na mimi tayari ninategemea hicho kitu? Inahesabiwa kwa dola ama shilingi? Inategemea kiwanda kinachonilipa? Inategemea riba kubaki juu? Ukijibu hili kwa ukweli utagundua hatari mbili ama tatu ambazo hakuna muuzaji angekutajia.

Sasa fom ya kupanga doh. Anza na deni. Kama una mkopo wa simu unaokutoza asilimia 8 kwa mwezi, hakuna uwekezaji halali utaushinda, kuulipa ndio faida yako ya kwanza. Pili, weka matumizi ya miezi mitatu mahali pa kutoka haraka, MMF ama benki, na usijali kama inalipa kidogo, ju kazi yake ni kukuzuia usiuze vitu vingine kwa hasara. Tatu, pesa ya mwaka mmoja hadi mitatu inaweza kwenda kwa hati za Hazina na bondi. Kupitia DhowCSD ya CBK unaingia bila dalali, na bondi zinaanzia ngiri 50. Mwisho kabisa, ile ambayo hutaigusa miaka mitano ama zaidi, hapo ndipo unaweza kuongea hisa za hapa, za Marekani, ama ploti. Kripto, kama lazima, iwe kiasi ambacho kikipotea chote bado utalipa rent na utalala.

Riba itapanda tena siku moja, kama ilivyopanda 2022. Itashuka tena. Washington, Beijing na Bahari Nyekundu hawatakuuliza. Unachoweza kuchagua ni doh gani iko wapi siku hiyo ikifika. Kama una ngiri 50 na kitu pekee kimebadilika ni kwamba yai imekuwa nusu, hiyo si dharura. Kula nusu yai, uliza maswali, na yule anayekuambia ofa inaisha saa sita usiku, mwache iishe.